Mpaka wa Khunjerab, Pakistan na China: naweza kwenda na mama mkwe na mtoto?

Binti Chumbageni

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kufika kaskazini ya Pakistan.

Mume wangu anasoma Islamabad, na mwaka huu badala ya yeye kurudi Tanga tumeamua sisi tumfuate. Tutakuwa mimi, mama mkwe (ana miaka 61, ana presha ila dawa anameza vizuri) na mwanangu wa miaka minne. Tunafika mwanzoni mwa Julai. Sasa mume wangu ameona picha za mpaka wa Khunjerab, lile lango kubwa la Wachina juu kwenye theluji, na tangu hapo haongei kingine. Mpango wake ni huu: ndege kutoka Islamabad hadi Gilgit, tunalala usiku mmoja, kesho yake alfajiri tunakodi gari hadi mpakani, tunapiga picha, jioni tumerudi Gilgit. Anasema ni lami mwanzo mwisho kwa hiyo hakuna shida.

Mimi nina wasiwasi. Pasipoti ya Tanzania inaruhusiwa kufika pale au mpaka uwe na kibali? Na tukifika, tunaweza kuvuka japo kidogo upande wa China tukarudi? Kubwa zaidi ni mama: ataweza? Nimesoma kwamba ni mita 4,693, na sijui namba hiyo ina maana gani kwa mtu aliyezaliwa na kuzeekea ufukweni. Baridi naijua, masweta nitabeba. Naomba aliyefika mwenyewe anijibu.

Sista wa Makadara

Dada, karibu, na mpe mama salamu zangu nyingi.

Mimi ni wa Mombasa, Makadara, na kazi yangu ni uuguzi. Nilisomea Karachi, Chuo Kikuu cha Aga Khan, na darasani nilikaa na binti wa Gulmit, kijiji kilicho njiani kabisa kuelekea huko mnakotaka. Likizo zikija wenzetu wa Karachi walirudi makwao, na mimi nauli ya Mombasa sikuwa nayo, basi nikawa nakwenda kwao. Kwa hiyo mpaka ule naujua, lakini zaidi nawajua watu wanaoishi chini yake, na ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Nianze na namba, kwa sababu ndiyo inayokupa wasiwasi na una haki. Mita 4,693 ni juu kuliko kilele cha Mlima Meru pale Arusha. Yaani ungemchukua mtu aliyepanda Meru hadi mwisho, ungetakiwa umwongezee mlima mwingine mdogo ndipo afike kwenye lango lile la picha. Kila pumzi unayovuta pale inakupa oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile unayoipata Tanga. Hewa imekuwa nyepesi, na mwili usipopewa nafasi ya kuizoea hulalamika.

Gilgit iko kama mita 1,500. Mpango wa mumeo unamtoa mama hapo alfajiri na kumpandisha zaidi ya mita 3,000 kabla ya adhuhuri, kisha kumrudisha siku hiyohiyo, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda na kurudi kwenye barabara ya kona. Mwambie shemeji kwa upole kwamba lami haiongezi oksijeni. Lami ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu inakufikisha upesi kuliko mwili unavyoweza kufuata.

Nimewahi kusimama pale juu nikamwona baba mmoja, mgeni kutoka mikoa ya chini, mwanawe wa miaka kama sita anatapika kando ya tairi la gari. Midomo ya yule mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mama yake alimfunika kwa shali akidhani ni baridi. Baba alikuwa akimsihi asimame wima mara moja tu, picha moja, ndiyo hiyo safari yote waliyoifanya. Nilikwenda nikamwambia mimi ni nesi, mtoto apande gari na mteremke sasa hivi, msingojee. Dereva wao alikuwa mtu wa Sost, mji wa mwisho kabla ya mpaka, akanielewa hata kabla sijamaliza kusema. Tulipowakuta baadaye Dih, kwenye kizuizi cha hifadhi kule chini, mtoto alikuwa ameketi anakula biskuti. Dawa yake ilikuwa ni kuteremka, basi.

Kuhusu dalili, waambie wote mapema ili mtu asijikaze kwa aibu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula: hizo ni za kawaida, na maana yake ni kwamba usipande zaidi, kama zinazidi uteremke. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akijibu maneno yasiyoeleweka, akihema hali ameketi tu, au akikohoa kikohozi chenye povu, hapo hakuna kupumzika wala chai. Ni kugeuza gari. Kuna vidonge vya acetazolamide, wengi mnavijua kama Diamox, ambavyo huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda na husaidia mwili kuzoea. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiviguse kabla ya kuongea na daktari. Na ujue vinakojoza sana, na vyoo njiani ni vichache.

Sasa mama. Presha iliyotulia kwa dawa si kifungo, watu wengi wa umri wake wanaishi na kutembea milimani. Lakini aonane na daktari wake kabla ya safari, aulizwe habari za moyo, na dawa zake akae nazo kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi. Hata akiruhusiwa, ushauri wangu ni kwamba mama na mtoto wasifike juu kabisa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukwambia “kichwa kinaniuma upande huu”. Atalia tu, na wewe hutajua ni njaa, usingizi au ubongo. Waache chini bondeni, Gulmit au Karimabad, nenda wewe na mumeo. Na usidhani unawanyima kitu. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mpakani penyewe mtakaa nusu saa. Ni uwanda mpana ulio wazi, upepo hauna pa kuzuiwa, kuna lango kubwa la kijivu la China na uzio, kuna watu wanaopiga picha, na kuna mashine ya kutolea pesa ya National Bank of Pakistan ambayo inajulikana kwa kuwa ya juu kuliko zote duniani. Kuna kibao cha kuwakumbusha madereva kuhama upande: Pakistan wanaendesha kushoto kama sisi, China kulia. Mimi napapenda pale, nimesimama nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha. Lakini ukimaliza kupiga picha, masikio yanauma na unataka kuteremka.

Bonde la chini, la Hunza, ndilo la kukaa. Mwezi wa Julai aprikoti zinaiva, na kila paa la nyumba linatandazwa sinia pana za matunda yaliyopasuliwa katikati, nyekundu na manjano, yanakauka juani kwa ajili ya baridi ya miezi sita. Kwa akina rafiki yangu Gulmit kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Bibi yake alikuwa anakaa mlangoni na jiwe, anavunja kokwa moja moja kupata mbegu ya ndani, ya kukamulia mafuta. Mbegu tamu upande huu, chungu upande ule, na alizijua kwa kuziangalia tu. Mama mkwe wako akikaa na bibi kama yule hata bila lugha ya pamoja, siku itakwisha wasijue. Watu wa Gulmit na juu yake ni Wawakhi, wana lugha yao. Wa Karimabad wanasema Kiburushaski, lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote duniani. Wengi wa bonde hilo ni Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, na wakisikia umetoka Tanga au Mombasa wanakuuliza habari za Dar es Salaam, kwa sababu historia yao na yetu zimegusana. Aga Khan wa tatu alipopimwa uzito kwa almasi mwaka 1946, mara moja ilikuwa Bombay na mara ya pili Dar es Salaam. Jina la Diamond Jubilee tunaloliona kwenye ukumbi wa Upanga, Dar, ndilo walilopewa pia shule za kwanza za kisasa za vijiji vya Hunza. Rafiki yangu alisoma katika mojawapo ya shule hizo kabla ya kufika Karachi. Mimi nilipoyajua hayo nililia, kwa kweli, maana nilikuwa nimejiona mgeni wa mbali sana pale, kumbe tumeshiriki jambo.

Na barabara yenyewe, ya Karakoram, iheshimuni. Ilianza kujengwa mwaka 1959, ikafunguliwa kwa wasafiri wote kupitia Khunjerab mwaka 1986. Wapakistani wapatao 810 walikufa wakiijenga, na Wachina wapatao 200. Miamba iliwaporomokea, wengine waliteleza wakaishia mtoni. Danyor, karibu na Gilgit, kuna makaburi ya hao Wachina. Mtu wa Dar aliyewahi kuona makaburi ya Wachina waliojenga reli ya TAZARA kule Gongo la Mboto atajua moyo unavyokuwa ukisimama pale. Miaka ni ileile, vijana wa nchi ileile, wamelala mbali na mama zao kwa ajili ya njia ya watu wengine. Simameni dakika chache, msome dua.

Halafu mtapita Attabad. Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka pale, ukaziba mto Hunza, watu 20 wakafa, na maji yakapanda hadi kumeza vijiji na karibu kilomita 20 za barabara. Kwa miaka mitano watu, mbuzi, magari, hata wagonjwa, walivushwa kwa mashua za mbao, mpaka mahandaki yalipofunguliwa Septemba 2015. Leo lile ziwa ni la buluu inayong’aa na watalii wanapanda boti za kasi. Rafiki yangu akipita pale hunyamaza. Ana jamaa zake ambao mashamba yao yako chini ya maji yale, kwa hiyo mkipiga picha pigeni, ila mkumbuke.

Mpango ninaoushauri: kutoka Gilgit panda hadi Karimabad, kama mita 2,500, mlale angalau siku mbili. Mama aone ngome ya Baltit na ya Altit polepole. Kisha Gulmit au Passu, mlale hapo. Siku ya mpaka, nyinyi wawili mwondoke asubuhi na mapema, mpite Sost, mfike juu kabla ya saa sita mchana, maana alasiri upepo na mawingu huzidi. Kaeni nusu saa, msikimbie, msicheze theluji kama watoto, mteremke mlale kulekule chini. Mwili unapanda juu mara moja na kurudi kulala chini. Hiyo huvumilika zaidi.

Vibali: mtalii wa kigeni hahitaji kibali maalumu kufika mpakani na kurudi. Viza ya Pakistan mnaombea mtandaoni. Pasipoti msiache hotelini, na mbebe nakala nyingi za pasipoti na viza, kwa sababu kila kizuizi cha polisi wanataka moja. Dih mnalipa ada ya hifadhi, ya wageni ni kubwa kuliko ya wenyeji. Muhuri wa kutoka Pakistan hugongwa Sost, na mkienda juu kutazama tu hamgongewi. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Na kwa kuwa Pakistan bado kuna polio, mkikaa zaidi ya wiki nne hakikisheni mna chanjo na cheti chake mnapotoka.

Mangi wa Marangu

Sista amemaliza. Naongezea kidogo kwa sababu mimi napandisha wageni Kilimanjaro na namba hizi ndiyo chakula changu cha kila siku.

Dada, njia ya Marangu iko hivi: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo Hut 4,720. Sasa linganisha. Sost ni karibu sawa na Mandara, na Khunjerab ni karibu sawa na Kibo. Mgeni wangu anatoka Mandara analala Horombo, wengine wanalala Horombo siku mbili, ndipo anafika Kibo, tena kwa miguu, anakunywa maji lita tatu au nne kwa siku, na bado Kibo naona watu wazima wenye mazoezi wamekaa wameshika vichwa. Ninyi mtatoka Mandara hadi Kibo kwa saa mbili na nusu mmekaa kwenye kiti. Mwili haujui kama umepanda kwa miguu au kwa gari, unajua urefu tu.

Kuna jambo moja ambalo wenye magari hawalifikirii. Mpandaji wa miguu akizidiwa anaonekana, kwa sababu hatua zinapungua. Ndani ya gari mtu anasinzia, wenzake wanasema amechoka na safari. Kumbe amezidiwa. Kwa hiyo kila baada ya dakika 20 mkipita Dih ulizaneni, mtu ajibu kwa maneno kamili. Mimi wageni wangu nawauliza majina ya watoto wao. Akisitasita, namwangalia macho.

Kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni kinunueni Dar kabla ya kuondoka. Pale juu usishangae kuona 80 na kitu, lakini namba peke yake isikudanganye: mtu mwenye 85 anayeyumba ni mgonjwa kuliko mwenye 79 anayeongea na kucheka.

Mavazi: sweta nyingi si mavazi ya upepo. Koti moja la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua kwa sababu theluji inarudisha mwanga na kuchoma macho. Na mafuta ya kuzuia jua hata kwa sisi weusi, midomo inapasuka.

Kijana wa Urumqi

Habari zenu. Mimi nasoma Xinjiang, nimepita Khunjerab kwa upande wa huku, nikitoka Kashgar kwenda Sost.

Dada, swali lako la kuvuka kidogo halafu kurudi: hapana, na tafadhali shemeji asijaribu hata kwa utani. Hakuna viza inayotolewa pale. Lazima uwe na viza ya China kabla, na lazima uwe umegongewa kutoka Sost. Uhamiaji wa China uko Tashkurgan, zaidi ya kilomita 100 ndani, kwa hiyo kati ya lango na Tashkurgan uko ndani ya gari, huruhusiwi kushuka unavyotaka. Mizigo hukaguliwa kwa makini sana, simu pia. Mkiwa kwenye lango msiwapige picha askari wa upande wowote, na msivuke uzio kwa ajili ya picha.

Kitu kimoja kizuri: upande wa Pakistan mnaruhusiwa kufika hadi karibu na lango kwa urahisi kuliko sisi tunaotoka huku. Watu wa huku wanaotaka kuona mpaka wanahitaji kibali cha eneo la mpakani. Kwa hiyo mlipo ndipo pazuri pa kuanzia.

Saa nazo zinachanganya. Mkiona saa kwenye simu imeruka mbele saa tatu ghafla, ni simu imeshika mtandao wa China. Zimeni, msije mkadhani mmechelewa. Laini za kawaida za Pakistan zinakata huko milimani, inayofanya kazi ni SCOM, ipateni mkifika Gilgit.

Binti Chumbageni

Shikamoo Sista, na asanteni wote. Nimemsomea mume wangu yote kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema tulale Karimabad. Mama mkwe aliposikia habari za bibi na kokwa za aprikoti akasema yeye mpaka hauhitaji, yeye anataka huko kwa bibi.

Nina swali jingine ambalo sikuliandika mwanzo. Mdogo wa mume wangu ana selimundu (sickle cell). Mume wangu hajawahi kupimwa, wala mimi, wala mtoto. Mtoto hajawahi kuumwa zile homa za viungo. Je, hilo lina uhusiano wowote na safari hii? Na Julai ni mwezi mzuri kweli au tusogeze?

Sista wa Makadara

Marahaba dada, na Mungu akubariki kwa kuuliza hilo. Lina uhusiano mkubwa, na natamani kila mtu wa kwetu anayepanda milima mirefu aliulize.

Mwenye ugonjwa wa selimundu hatakiwi kwenda juu vile. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hujipinda na kuziba mishipa midogo, na hapo maumivu yanaweza kumshika mahali ambapo hospitali ya maana iko saa nyingi. Lakini hata yule anayebeba tu, mwenye nusu, ambaye maisha yake yote hajaugua na pengine hajui kama anabeba, anaweza kupata tatizo kwenye urefu kama wa Khunjerab: wengu hukosa damu. Huanza kwa maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, juu, chini ya mbavu, pengine na kutapika. Madaktari wa milimani wasio na wagonjwa wa kwetu hulifikiria mwisho. Mtu akilalamika maumivu ya hapo, teremkeni mara moja, na mkifika hospitali semeni wazi kwamba kuna selimundu katika ukoo.

Kwa hiyo mumeo apimwe kabla hajapanda, kwa sababu nduguye anao, na yeye ndiye mwenye hamu ya kufika juu. Islamabad kipimo kipo. Wewe na mtoto mpimwe Tanga kabla ya kuondoka. Mwambie daktari unataka kipimo kinachotofautisha anayebeba na mwenye ugonjwa, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinajipinda hakitofautishi. Na hata kama safari isingekuwepo ningekwambia upime, maana mnaweza kupata mtoto mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na wodini nimewahi kuwauguza watoto ambao wazazi hawakujua mpaka siku hiyo.

Mtoto akionekana ana ugonjwa, Karimabad yenyewe nayo mumuulize daktari wake kwanza, na ndege pia. Akiwa anabeba tu, bondeni hapana wasiwasi, acheze na wenzake wa Gulmit. Mumeo akiwa anabeba, basi dada, mwambie aishie Sost, au mpande hadi Dih mwone mbuzi-mwitu kwenye majabali na mrudi. Picha ya lango kuna maelfu mtandaoni.

Kuhusu mwezi: mimi ningesogeza hadi Septemba kama tiketi hazijakatwa. Julai na Agosti barafu ya milimani inayeyuka kwa wingi, na mvua za masika ya huko zinaangusha udongo barabarani. Mei 2022 barafu ya Shishper iliachia maji yaliyozuiliwa, yakabeba daraja la Hassanabad kwenye barabara hiihii mnayopita, mchana, watu wanatazama. Ndege za Gilgit nazo huahirishwa mawingu yakifunga, kwa hiyo msiweke tiketi ya kurudi Dar siku inayofuata baada ya Gilgit, acheni nafasi. Septemba anga imetulia, tufaha zimeiva, na mnaweza kurudi kwa gari kama ndege imekataa. Aprikoti mbichi mtazikosa, ila zilizokauka zitakuwa zimejaa kila nyumba, na mama atakuta bibi bado anavunja kokwa.

Mavazi usiogope. Mtandio wako wa Tanga unatosha, wanawake wa huko wanajifunga vilevile. Pelekeni zawadi ndogo, karafuu kutoka Pemba au iliki. Chai yao ya majani ya mlimani hawatii viungo, lakini rafiki yangu mama yake alizipenda karafuu nilizopeleka hata akazihifadhi kwenye sanduku la nguo.

Nitaongea na rafiki yangu leo usiku anielekeze nyumba ya wageni ya Gulmit yenye jiko la kuni ndani, usiku kuna baridi hata Septemba. Majibu ya vipimo yakitoka niandikie hapa kabla hamjalipa gari la mpakani.

Binti Chumbageni

Tiketi bado hatujakata. Jumatatu naenda hospitali ya Bombo na mtoto kupima, mume wangu ameahidi kupima wiki hiihii. Nitaandika majibu hapahapa.